Ukikodi RV, Uliza Namba ya Sehemu Kabla ya Kulipa

Kaka mmoja wa Dallas kaniandikia wiki hii. Amekodi RV, lile gari lenye nyumba ndani, ya futi 31, anasafiri na mke, watoto na mama mkwe, wanakwenda bonde la Grand Canyon, huku Arizona, mwezi wa saba. "Dada, tulale kambi gani?"

Swali limenifurahisha kuliko anavyojua. Nilipoanza safari hizi, ndugu zangu hapa Phoenix walinicheka mpaka machozi. Eti babu zetu walilala porini bure, mimi nalipia! Siku hizi kiangazi kikikaribia, hao hao ndio wananipigia simu kuulizia kambi.

Sasa kaka, hiyo futi moja ya juu imeshakuamulia. Ukingo wa kusini wa Grand Canyon, kambi ya Mather ina miti na utulivu, lakini mwisho wake ni gari la futi 30, na hakuna umeme wala bomba kwenye sehemu za kuegesha. Nenda Trailer Village, jirani yake. Haina uzuri wa kupigia picha, ila kila sehemu ina umeme, maji na bomba la maji taka, na magari ya hadi futi 50 yanaingia. Ukiwa na mama mkwe ndani, bomba la maji taka ni heshima.

Umeme nao una mambo yake. Plagi ya ampea 30 inakupa wati 3,600 tu: ukiwasha kiyoyozi, maikrowevu na birika kwa pamoja, inakata. Ya ampea 50 inafika wati 12,000. Pale Grand Canyon hutateseka, maana ni juu, kama mita 2,100, na usiku wa Julai utatafuta blanketi. Ila njiani, kwenye joto la Texas, RV isiyo na kiyoyozi ni tanuri.

Na njiani ndiko nilikoumia mimi. Ukitoka Dallas utapanda hadi Amarillo, kisha utashika barabara kuu ya I-40 kuelekea magharibi. Sehemu kubwa ya barabara hiyo inaongozana na reli ya mizigo. Tulihifadhi kambi moja ya binafsi, picha zake maua matupu. Picha hazina sauti. Treni zilipita usiku kucha, na sheria ya huku inamtaka dereva apige honi akikaribia makutano ya barabara, labda pawe mahali palipopewa msamaha. Asubuhi nikaenda ofisini kulalamika, nikaambiwa, "Mtazoea." Nizoee nini, na naondoka saa nne?

Treni ningesamehe. Walituweka kando ya shimo la kumwagia maji taka, na sehemu za mbele, zenye kivuli, zililala tupu mpaka kunakucha. Sitasema ni kwa nini. Wenye macho kama yangu wanaelewa.

Tangu hapo silipi bila namba. Napiga simu, naomba namba ya sehemu, naandika jina la aliyenijibu, kisha nafungua ramani ya setilaiti na kuitazama sehemu yenyewe: reli iko wapi, shimo liko wapi, mti uko upande gani jioni. Nauliza kama nitapita moja kwa moja au nitaingia kinyumenyume, maana kurudisha nyuma futi 31 gizani huku watoto wanalia ni kutafuta talaka. Fika jua halijazama. Usione haya kuuliza, jamani! Sisi tukipewa kitu kibovu tunasema asante halafu tunanung'unika garini. Pesa ni yako, uliza.

Tena kaka, uhifadhi leo. Sehemu za Mather hufunguliwa miezi 6 kabla na hugombaniwa, na wanaozikosa hukimbilia hapo hapo Trailer Village. Ukikuta pamejaa, tafuta nje ya lango la hifadhi, kwenye miji ya Tusayan au Williams. Williams ina reli.