Fundi, eksteno inakata kila nikikopi video

SWALI: Habari za kazi fundi, mi niko Chikongola hapa Mtwara, nina kastudio ka video za harusi. Nina eksteno, yaani diski ya nje, ya tera moja, ile ndogo isiyo na adapta, sasa nikiichomeka kwenye deskitopu inaonekana vizuri tu, naanza kukopi, ikifika gigi nne tano hivi inalia tik tik tik inapotea. Kwenye laptop ya shemeji inakopi mpaka mwisho, na flashi hazisumbui kabisa. Imeanza baada ya kuongeza kadi ya grafiki, pawa saplai ni ileile iliyokuja na keisi. Jamaa mmoja kaniambia nifomati, nifomati?

JIBU: Usifomati ndugu yangu! Harusi za watu hizo, ukizipoteza utahama mji. Kwenye laptop inafanya kazi, kwa hiyo mimi namshuku zaidi deskitopu kuliko diski.

Iko hivi, eksteno ya inchi 2.5 haina umeme wake, inanyonya volti 5 kutoka kwenye poti. Poti ya USB 2.0 kikawaida ni ya miliampea 500, ya 3.0, zile nyingi za bluu, ni 900, na diski ikianza kuzunguka inaweza kutaka mpaka ampea 1 kwa sekunde chache. Flashi inakula kidogo ndo maana haijakusumbua. Umeme ukipungua diski inashindwa kuzunguka sawasawa, vichwa vya kusomea vinarudi kwao, hiyo ndo tik tik yako.

Naweka dau unachomeka mbele ya keisi, sijakosea? Poti za mbele zinapita kwenye kiwaya chembamba kirefu, na kwa chumvi hii ya bahari yetu pini zinashika kutu mapema. Chomeka nyuma, moja kwa moja kwenye madhabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kwa waya mfupi. Ikikata tena chomoa ile kadi mpya, kama madhabodi ina sehemu yake ya kuchomeka skrini, ukope tena. Ikitulia basi saplai imezidiwa. Saplai nyingi za bure za keisi zimeandikwa wati kubwa kwenye stika, ukizibebesha mzigo umeme unayumba.

Kama una mita ya umeme, pima plagi ya pini nne inayotoka kwenye saplai, waya mwekundu na mweusi, wakati inakopi na video inarenda, yaani inatengenezwa faili la mwisho, siyo mashine imelala maana ikilala kila kitu kinasoma vizuri. Iwe kati ya volti 4.75 na 5.25, ikiwa chini ya hapo badilisha saplai. Ila saplai yenyewe usiifungue, kepasita zake zinabaki na umeme hata ukiwa umechomoa ukutani, zinapiga vibaya.

Watu watakwambia ununue habu, kile cha kuongeza poti za USB, yenye adapta yake. Itasaidia eksteno kweli, lakini saplai mbovu inabaki humohumo na siku ikifa inaweza kuondoka na madhabodi, mi ningeweka hela kwenye saplai kwanza.

Leo hii muombe shemeji laptop uhamishe hizo video zote pembeni, maana kukatwakatwa katikati ya kukopi kunaharibu mafaili, halafu ndo uanze kuchomoachomoa.