Pikapu tupu inavyovunja kiuno, na nilivyoituliza yangu

Siku niliyostarehe kuliko zote ndani ya pikapu yangu ilikuwa siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi inayofanywa kwetu Makunduchi, kusini Unguja. Nyuma nilipakia jamaa saba waliotoka mjini, mzigo wa migomba, na sufuria kubwa la wali lililofungwa kwa kanga. Tukatoka Mwanakwerekwe mpaka Makunduchi, kilomita kama 60, gari inakwenda kama dau lililopata upepo mzuri. Kesho yake asubuhi nikarejea kazini mjini peke yangu. Gari ile ile, njia ile ile, nikashuka nimeshika kiuno.

Nilidhani ni uchovu wa sikukuu. Kumbe jana yake gari ilikuwa nzuri kwa sababu ilikuwa na mzigo. Yangu ni Hilux ya kabini mbili, ile ya Vigo. Mbele ina springi za koili, nyuma ina springi za pleti, zile bapa zilizopangwa moja juu ya nyengine, na zimepigiwa hesabu ya kubeba karibu tani moja. Ukikaa peke yako na mkoba wako wa ofisini, pleti hizo hazina habari nawe. Haziinami. Na springi isiyoinama, kila shimo inalikabidhi mgongo wako.

Sisi tunaokaa shamba na kufanya kazi mjini tuna gari hizi kwa sababu inayojulikana: siku tano unakwenda ofisini, Jumamosi unabeba saruji, nazi au mwani. Kwa hiyo ushauri wa "uza ununue gari ndogo" namwachia mke wangu, anautoa vizuri kuliko mimi. Mimi nasema na aliyeamua kubaki na pikapu yake lakini anataka kufika kazini akiwa mzima.

Kwanza nieleze nilivyoharibu. Fundi mmoja aliniambia toa pleti mbili kila upande, gari italala. Nikatoa. Wiki mbili nikaona raha, nikamsifu kwa kila niliyekaa naye barazani. Wiki ya tatu shemegi yangu akaniomba nimpelekee mifuko 15 ya saruji. Mfuko kilo 50, jumla kilo 750, mzigo ambao gari hii ilikuwa ikiubeba bila ya kuguna. Kufika kwenye matuta ya msitu wa Jozani, yale yaliyowekwa kuwanusuru kima punju, wale kima wekundu, wasigongwe, nyuma ikapiga chini mpaka nikahisi kwenye meno. Raba ya kuzuia ekseli isipige chesisi ilikuwa imeshabanwa yote kabla hata ya tuta.

Hilo la kishindo ndilo dogo. Kubwa nililijua siku ya mvua, karibu na Tunguu, niliposhika breki na tairi za nyuma zikajifunga, gari ikateleza kiupande. Pikapu nyingi za aina hii zina vali ya breki inayopima uzito. Ina fimbo iliyoshikana na ekseli ya nyuma. Nyuma ikiwa juu, vali inajua gari ni tupu, inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Nyuma ikishuka, inadhani umepakia, inaongeza. Mimi nilikuwa nimeishusha gari kwa kutoa pleti, ikawa tupu huku vali inaamini imebeba. Pleti zikarudi siku ya pili yake, na sifa za fundi nikazifuta pale pale barazani.

Leo ningeanza na upepo wa tairi, kitu ambacho nilikidharau kwa sababu ni cha bei ya chini mno. Kijana wa pancha pale Kitogani alipima tairi zangu za nyuma, akaniangalia, akasema, "Mzee, umepakia mawe?" Geji ilisoma PSI 52. Niliwahi kujazwa upepo huo siku niliyobeba kokoto, miezi mingi nyuma, na nikawa naongeza tu kila nikipita bila ya kuuliza umefika ngapi. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo: kuna kibandiko kinachotaja upepo wa mbele na wa nyuma, na mara nyingi kinatofautisha gari tupu na gari yenye mzigo. Cha kwangu kinasema 29 kwa gari tupu. Cha kwako kisome mwenyewe, usichukue namba yangu. Kutoka 52 mpaka 29 nilihisi kama nimebadilishiwa barabara.

Pima asubuhi kabla hujatoka. Tairi ikishatembea inapata moto na upepo unapanda. Ukiupunguza wakati huo, kesho unatembea na tairi laini bila ya kujua. Wala usivuke chini ya kibandiko kwa kutafuta ulaini zaidi. Tairi yenye upepo mdogo inajikunja ubavuni, inachemka, na kwenye mwendo wa barabara kuu ndipo inapopasuka. Halafu nunua geji yako mwenyewe. Geji za vibandani zimeangushwa chini mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Ukibeba mzigo rudisha upepo juu kama kibandiko kinavyotaka, ukishusha mzigo punguza. Ni usumbufu, ndiyo. Mimi huchukua kama dakika tano.

Ukifika wakati wa kubadilisha tairi, soma ubavuni. Tairi zenye herufi C mwisho wa saizi na maandishi 8PR ni za mzigo, ubavu wake mgumu. Kama gari ilitoka kiwandani na tairi za namna hiyo na bado unabeba saruji, usizikimbie kwenda kwenye laini za gari ndogo; cheza na upepo tu. Angalia na tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mitumba huwa na kashata nzuri ya kupendeza macho huku mpira wake umeshakuwa mkavu kama fuu, na mpira mkavu haumezi mtikisiko.

Sasa springi zenyewe. Hapa sisi watu wa kusini tuna maradhi yetu. Dada yangu analima mwani, na pikapu yangu ndiyo punda wake. Magunia ya mwani mbichi yanachuruzika maji ya chumvi njia nzima, maji yanapita kwenye matundu ya bodi, yanatua juu ya springi. Pleti zinatakiwa ziteleze moja juu ya nyengine kila gari inapopanda na kushuka. Kutu ikiingia baina yake, zinashikana zikawa kama chuma kimoja kinene. Zangu zilipofunguliwa, kutu ilimwagika chini magamba magamba. Fundi akazisugua kwa brashi ya waya, akapaka grisi kavu ya grafaiti, akaweka vipande vya plastiki ngumu kwenye ncha. Hakuna pleti iliyotolewa, na nyuma ikalainika zaidi kuliko nilivyotarajia. Tangu hapo kila nikishusha mwani namwagia maji baridi, yasiyo na chumvi, chini ya gari, dakika kumi, mpaka yanayotoka hayana mchanga.

Usipake mafuta machafu ya injini kwenye springi. Nimefanya hivyo pia, usidhani nazungumza kwa kusikia. Yanakamata mchanga, na yakiingia kwenye bushi za raba, zile zinazokaa kwenye maungio ya springi, yanazivimbisha na kuzilegeza.

Kwenye bushi mafundi wengi hawakosei katika kuzibadilisha, wanakosea katika kuzikaza. Gari ikiwa juu ya jeki, ekseli inaning'inia. Ukikaza bolti za bushi za raba katika hali hiyo, raba inashikwa mahali pasipo pake. Gari ikishushwa inakuwa imeshajipinda kabla hata hujaondoka. Inabana, inafanya gari ngumu, na inapasuka mapema. Mwambie fundi azitie bolti bila ya kuzikaza, ashushe gari ikae juu ya tairi zake, ndipo akaze. Fundi wangu alininunia kidogo, lakini alifanya. Kagua pia kiungo kinachobembea kwenye ncha ya nyuma ya springi. Kikishikwa na kutu kisibembee, springi haina pa kujinyoshea, na hata ungeweka pleti za dhahabu isingesaidia.

Shokapu hazibebi uzito, kazi yake ni kuzuia gari isiendelee kuruka baada ya tuta. Ukipita tuta na gari ikaruka mara mbili tatu, au ukaona mafuta yamechuruzika ubavuni mwa shokapu, au tairi zimelika mabonde mabonde, muda wake umekwisha. Badilisha mbili mbili kwa ekseli moja. Na muuzaji akikushawishi za kazi nzito kwa sababu ni "imara", muulize kama atakaa yeye kwenye kiti hicho Jumatatu asubuhi. Kwa gari inayotembea tupu siku tano za wiki, za kawaida zinazolingana na springi za kiwandani zinatosha.

Usukani ukitetemeka kwenye mwendo wa 80 hivi, peleka tairi zikafanyiwe balansi kwanza. Mtetemo ukitoka kwenye sakafu na kiti, tazama propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma, na viungo vyake. Hayo hayahitaji maneno mengi.

Wapo wanaoweka magunia ya mchanga nyuma, na kwa kweli inasaidia, ndiyo ile hadithi ya Mwaka Kogwa. Kilo 80 au 100 zilizofungwa vizuri juu ya ekseli, si kwenye mlango wa nyuma, zinaamsha springi. Lakini unalipa kwa mafuta kila siku, na gunia ambalo halikufungwa ni kombora siku ya breki ya ghafla. Mimi nilijaribu mwezi mmoja nikaacha. Kilichonisaidia zaidi ni kuachia breki. Tuta likikaribia, punguza mwendo mapema, halafu ondoa mguu kabla ya tairi za mbele kuligusa. Ukilipanda huku umeshika breki, pua ya gari imeshainama, springi za mbele zimeshabanwa, hazina tena pa kwenda. Daladala za njia namba 310 zinanipita hapo zikipiga honi. Zipite.

Kelele nazo zinachosha mwili bila ya mtu kujua. Mlango wangu wa nyuma ulikuwa ukigonga njia nzima. Vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli vimeunyamazisha.

Mwisho ni kiti. Sponji ya kiti cha dereva ilikuwa imelala, nikawa nakalia chuma. Fundi wa makochi alinijazia nyengine, nikachagua nzito iliyoshiba, maana ile laini sana unaizamia mpaka chini. Pochi nikaitoa mfuko wa nyuma. Kuikalia saa nzima na nusu kila safari kunapinda nyonga. Na kabla ya hayo yote mama mkwe aliniona nikishuka garini nikijinyoosha, akacheka, "Mwanangu, gari yote hiyo umekosa mto?" Akanishonea wa sufi. Ninao mpaka leo, nauanika jua Jumapili ili usigande. Nimeupunguza sufi mara mbili, kwa sababu ulivyokuja mwanzo ulininyanyua mpaka mkanda ukawa unapita tumboni badala ya kwenye nyonga, na kiegemezo cha kichwa kikaishia shingoni.