Sukari kwenye kiti cha dayalisisi: maswali yenu

Mgonjwa wangu HbA1c ni 6.1, daktari bado ana wasiwasi. Kwa nini? (Muuguzi, Tanga)

Ana haki. Kipimo hicho kinasoma sukari iliyojibandika kwenye chembe nyekundu, na za mgonjwa wa dayalisisi (anayesafishwa damu kwa sababu figo zimeshindwa) hufa mapema. Ukimchoma erithropoietini (homoni ya kutengeneza chembe nyekundu) au akiongezewa damu, chembe changa zinajaa na namba inashuka bila sukari kushuka. Acheni kumpongeza mtu mwenye hemoglobini ya 7 (damu pungufu sana) kwa HbA1c "nzuri"! Soma vipimo vya kidole au ripoti ya siku 14 ya sensa (kifaa cha kubandika kwenye ngozi kinachosoma sukari mfululizo). Kwa mzee au mgonjwa dhaifu, zaidi ya nusu ya muda sukari iwe kati ya 3.9 na 10 mmol/L, na muda wa chini ya 3.9 usifike asilimia 1, yaani kama dakika 14 kwa siku.

Sensa niibandike mkono gani?

Usio na fistula (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya dayalisisi). Swali hili linarudi kila mwezi.

Sensa inasoma 3.4, imebaki saa moja mashine izimwe, mgonjwa anapiga soga. Nimpe soda?

Mchome kidole kwanza, kikiwa kimeoshwa na kukauka. Sensa inapima majimaji ya chini ya ngozi, hivyo huchelewa dakika 5 hadi 15, na akiilalia inasoma chini. Kidole kikiwa chini ya 4, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, upime tena baada ya dakika 15. Juisi ya chungwa ina potasiamu, kola ina fosfeti, na figo zake haziwezi kuzitoa; ziacheni kantini. Tena, damu ikiwa pungufu glukometa nyingi husoma juu, kwa hiyo 4.5 isikulaze usingizi.

Mgonjwa wa dayalisisi ya tumbo anatoka jasho na kutetemeka, glukometa 14. Insulini yuniti ngapi?

Hata moja usimchome! Angalia mfuko wake wa maji. Ikodekstrini, wanga ulio kwenye baadhi ya maji hayo, huvunjika kuwa maltozi, na stripi za glukometa za aina ya GDH-PQQ huihesabu maltozi kama glukosi, hivyo sukari yake halisi inaweza kuwa chini. Mwaka 2009 FDA, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, ilitoa onyo baada ya vifo 13 vilivyohusishwa na stripi hizo. Mtibu kama mtu ambaye sukari yake imeshuka, peleka damu maabara, na soma karatasi ya stripi zenu leo, kabla hajaja mwingine.

Amemaliza, sukari 5.0. Aende?

Ale kwanza, upime tena. Kisha fungua mfuko wake wa dawa: ukikuta glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari), mwite daktari kabla mgonjwa hajafika getini.