Bata kutweta mdomo wazi mchana: anza na upepo, maji yafuate

Pole sana mkuu. Umesema bata wako hapo Mbagala, unaowafuga pamoja na kuku, wanashinda mdomo wazi, mabawa wameyaachia, wawili wamekufa mchana, na jirani kakwambia ni mdondo, ule ugonjwa wa virusi unaoua kuku. Mimi sidhani. Mdondo ungeanza na hao kuku wako. Bata mara nyingi huubeba bila kuugua. Hilo ni joto.

Nafuga bata Kigamboni, hawa wa kawaida wenye nyama nyekundu usoni. Februari moja nilizika wanne ndani ya siku mbili, na kosa lilikuwa langu. Banda nililijenga kwa kuogopa wezi: tofali mpaka juu, bati, kijidirisha kimoja. Msimu wa kaskazi, upepo ukikata, mle ndani ni tanuri. Nikajifanya mjanja, nikamwaga maji sakafuni na kutundika magunia mabichi. Nusu saa baadaye nilikuwa kama nawapika kwa mvuke.

Bata hatoki jasho. Anajipoza kwa kuhema, maji yakauke kooni na yaondoke na joto. Sasa hewa ya Dar msimu huo imeshashiba maji. Ukiiongezea mengine ndani ya chumba kilichoziba, anahema bure. Wenzetu wa Dodoma wenye joto kavu gunia la maji linawafaa, sisi wa pwani tusiige.

Nilichofanya: nilivunja tofali pande mbili zinazotazamana, kuanzia usawa wa goti, nikaweka nondo na wavu. Mwizi hapiti, upepo unapita. Juu ya bati nikatandika makuti. Hayo mawili tu yalibadilisha banda zima, kabla hata sijagusa maji.

Maji sasa. Bata hupoteza joto jingi kwa miguu na mdomo, sehemu zisizo na manyoya. Kwa hiyo chombo cha kunywea cha kuku hakitoshi. Weka karai kivulini, maji yafike miguuni aweze kusimama humo na kuzamisha kichwa chote. Badilisha mara mbili au tatu kwa siku. Na angalia yanatoka wapi! Mimi nilikuwa nafungua bomba la tenki jeusi saa nane mchana, yanatoka ya moto kama ya kuogea mzazi. Sasa nachota alfajiri, naweka kwenye mtungi.

Chakula wape alfajiri na jioni. Tumbo likisaga pumba nalo linazalisha joto, mchana watupie mchicha au maganda ya tikiti. Pumba ya kuloweka isilale, inachacha haraka, na ikiota ukungu itupe kabisa; bata ni dhaifu mno kwa sumu ya ukungu kuliko kuku.

Wa kuwaangalia zaidi ni dume kubwa, maana mwili mzito hupoa kwa shida, na jike anayeatamia. Huyo haachi mayai hata akiungua. Mmoja wangu nilimkuta amekufa juu ya mayai. Sogeza maji karibu na kiota.

Ukikuta bata ameanguka, mpeleke kivulini penye upepo, miguu yake uiweke kwenye maji ya kawaida, mlowanishe kichwa. Usimtumbukize kwenye barafu wala kummiminia maji kooni, yataingia kwenye mapafu. Akiinua shingo mwenyewe, mwache anywe.

Mayai yakianza kuwa na ganda laini usishangae, kutweta sana kunavuruga damu na ganda halikazi vizuri.

Ila kama wanatweta hata saa kumi na mbili asubuhi kukiwa kumepoa, au shingo imelegea kama kamba, hapo si joto. Shingo kulegea mara nyingi ni sumu ya dimbwi lililooza, lifukie na umwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.

Tupia picha ya banda mkuu, hasa upande linakoingia jua la mchana, tuone pa kuvunja.