Nesi anajibu: wazee wetu na bakteria sugu

Shikamoo nesi. Mama yangu wa Kibosho ana miaka 81. Mkojo wake unanuka, na dukani wamenipa sipro, ile antibayotiki ya kuua bakteria, kwa mara ya tatu tangu Pasaka. Nimpe? (Binti, Moshi)

Marahaba, binti. Kwanza niambie: ana homa? Anaumia akikojoa, au anakwenda chooni kila mara kuliko kawaida yake? Kama hana hata kimoja, usimpe. Harufu peke yake si ugonjwa. Mara nyingi ni kwamba hanywi maji ya kutosha. Wanawake wengi wa umri wake wana bakteria kwenye mkojo na hawaumwi, wala hawahitaji dozi. Sipro isiyohitajika huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu, yaani wasiosikia dawa, na siku mama akiugua kweli dawa haitashika. Mpe maji kidogo kidogo, kikombe kikae karibu na kitanda, isipokuwa kama daktari amempunguzia maji kwa ajili ya moyo au figo.

Akipata homa, akitetemeka au akichanganyikiwa ghafla, ni hospitali siku hiyo hiyo. Omba mkojo uchukuliwe wa kuotesha bakteria maabara kabla hajaanza antibayotiki. Majibu huchukua siku mbili tatu, lakini yataonyesha ni dawa ipi bado inamfaa.

Mzee mmoja katika makazi yetu karudi kutoka hospitali na kidonda chenye bakteria sugu. Wenzangu wanaogopa kumgusa. Tumfungie peke yake? (Mhudumu, Arusha)

Hapana, nakuomba sana. Upweke nao unamuumiza mzee. Kidonda kikifunikwa vizuri, akae barazani na wenzake kama zamani. Taulo na beseni viwe vyake mwenyewe.

Hatari iko mikononi mwetu. Asubuhi moja nilimwona mhudumu mwenye bidii akimwaga mfuko wa mkojo wa kitanda cha kwanza, kisha akaenda cha pili na glavu zile zile. Glavu zilimlinda yeye, mzee wa pili hazikumlinda. Vua, nawa, vaa nyingine, kila mzee. Vitakasa mikono vinatosha kama mikono haina uchafu unaoonekana. Palipo na kuhara, tumia maji tiririka na sabuni.

Baba ana mpira wa mkojo tangu Februari. Tumkingeje? (Kijana, Tengeru)

Kila kliniki muulizeni daktari kama bado anauhitaji. Ukitolewa mapema ndiyo kinga kubwa. Ukiwapo, mfuko uning'inie chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu, hata anapogeuzwa usiku.