Maswali na majibu: Injini nyingine kwenye gari la zamani la porini

Tangu mvua zianze, barua nyingi zinazonifikia ni za jambo moja: mtu ana gari la zamani la foo wili, chesisi bado nzima, injini imechoka, na anataka kulitia injini nyingine apite porini. Hii ni kazi niliyoifanya miaka mingi na ninaipenda kuliko zote. Nimechagua barua saba.

Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Land Rover 109 Series III, petroli ya 2.25. Inakunywa mafuta sana, na mlima wa kwenda kwetu Upareni inaupanda kwa kuomba. Rafiki yangu ananishauri nifunge 1HZ ya Land Cruiser. Nimsikilize? (Msomaji, Same)

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Umefanya vyema kutoliuza gari lake kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kabla ya yote, mwambie fundi apime kompresheni ya silinda zote nne. Nimeletewa 2.25 nyingi zilizohukumiwa kufa, kumbe valvu zimeungua na kabureta imelegea. Ukiikuta hivyo, kuifufua ni rahisi kuliko kuitoa.

Ikiwa kweli imekwisha, tuizungumze 1HZ. Siisemi vibaya. Ni lita 4.2, silinda sita, haina tabo wala kompyuta, na magari ya watalii yanayopanda Ngorongoro mengi yanavutwa na hiyo. Tatizo lipo nyuma yake. Injini yako ya petroli inatoa nguvu ya kuzungusha ya Newton-mita 163 hivi, na 1HZ inatoa kama 285. Gari lako likiwa gia ya kwanza na transfa (giaboksi ya pili, inayogawa nguvu mbele na nyuma) iko kwenye loo, yaani gia ya polepole, giaboksi, transfa na difu kwa pamoja zinaizidisha nguvu hiyo mara 40 na ushee. Maana yake, kwenye ekseli zako itafika zaidi ya Newton-mita 11,000 mahali palipozoea 6,600. Difu ya nyuma ya 109 ya Series III, ile ya Salisbury, ni ngumu na itavumilia. Giaboksi haitavumilia. Itaanza kwa kuruka gia, halafu siku moja utasikia meno yanasagika katikati ya kilima.

Pili ni urefu na uzito. Kiwanda chenyewe kilipoweka V8 kwenye 109 mwaka 1979, kilisogeza uso wa gari mbele hadi ukawa sawa na madigadi. Ukiweka 1HZ nawe utasogeza rejeta, utakata, na utatafuta springi ngumu za mbele. Wako wanaofanya hivyo vizuri sana, lakini wao huihamisha 1HZ pamoja na giaboksi na transfa yake. Land Cruiser na Land Rover zote mbili zina difu ya mbele upande wa kulia, kwa hiyo shafti huelekea mahali pake. Hapo hubadilishi injini tena, unaunda gari jipya, na bajeti yake ni ya gari jipya.

Mimi ningekufungia 3L ya Toyota, ile ya lita 2.8 ya Hiace na Hilux. Inatoa Newton-mita kama 188, kiasi ambacho giaboksi yako inaweza kuishi nacho. Spea zake utazipata hapo hapo Same, au basi la jioni litakuletea kutoka Moshi. Chaguo la pili ni 200Tdi ya Land Rover. Ukoo wake unatoka kwenye hiyo hiyo 2.25, kwa hiyo giaboksi ya Series inaipokea bila bamba la kuunganishia. Lakini nayo ina Newton-mita 260 hivi, na kule Uingereza wapo wanaoitoa tabo kabla ya kuifunga kwenye Series ili giaboksi ipone. Ukiichagua, mguu wako uwe na adabu.

Difu usiziguse. Watu watakuambia uweke za uwiano wa 3.54 za Defender badala ya zako za 4.7 ili ukimbie. Ni kweli, kwa matairi ya 7.50-16 ukiwa 80 kwa saa injini yako itazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, na itapiga kelele. Lakini ukiweka 3.54, ile mara 40 ya mlimani inashuka hadi 30. Unataka kufika Same mjini mapema, au unataka kufika nyumbani mvua ikinyesha?

Hujambo fundi. Mimi ni mama mfugaji huku Nanyuki. Niko na Suzuki SJ413 ya zamani, injini ya 1.3. Nikibeba maziwa na watu wawili inalemewa kwa matope. Fundi wangu ako na injini ya 1.6 ya Vitara. Niweke? (Msomaji, Nanyuki)

Sijambo mama, na ndiyo, weka. Hii ni ndoa niliyoishuhudia mara nyingi na inadumu. Nanyuki iko juu sana, karibu mita 1,950, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ile 1.3 yako, iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 63 hivi, kwenu inabaki na kama 50, tena hapo ni kama bado mpya. 1.6 ya valvu 16 yenye 95 itakubakishia zaidi ya 75.

Uzuri wa Suzuki hiyo ni kwamba transfa yake imekaa peke yake, mbali na giaboksi, zimeunganishwa kwa shafti fupi. Kwa hiyo fundi akibadilisha injini, na hata giaboksi, transfa inabaki mahali pake na shafti za mbele na nyuma haziguswi.

Kuna 1.6 ya kabureta na ya sindano za kompyuta. Fundi wengi watakusukuma kwenye kabureta kwa sababu nyaya ni chache. Mimi nakuambia chukua ya sindano, mradi ununue na kompyuta yake, nyaya zake zote na pampu yake ya mafuta. Gari likiinama sana kwenye kilima au ubavuni, mafuta ndani ya kabureta huinama nalo na injini huzima pale pale unapoihitaji. Ya sindano haijali. Pesa ikibaki, nunua gia za kupunguza mwendo za transfa, halafu matairi ya matope.

Fundi, nina injini ya dizeli ya Isuzu 4JB1, nataka kuifunga kwenye giaboksi ya Nissan Patrol. Bamba la kuunganisha nitalikata mwenyewe kwa grainda na kutoboa kwa drili. Kuna ubaya? (Msomaji, Tabora)

Upo, na mimi niliulipia. Miaka yangu ya mwanzo nilipeleka bamba kwenye karakana moja, wakalikata kwa macho. Lilikaa vizuri, boliti ziliingia, gari liliwaka na kuondoka. Halikumaliza kilomita 1,000. Beringi ya mbele ya giaboksi ilikuwa unga na klachi imeliwa upande mmoja.

Kitovu cha krenki na kitovu cha shafti ya giaboksi lazima vikae kwenye mstari mmoja, na kosa unaloruhusiwa ni dogo kama unene wa karatasi. Grainda haiwezi kukupa hilo. Mtafute mkerezaji mwenye mashine nzima. Afunge geji ya saa kwenye flaiwili, azungushe krenki kwa mkono, na asome kuzunguka tundu la belihauzi, ile nyumba ya klachi. Sindano ikicheza, bamba lisogezwe, na likishatulia lifungwe kwa pini mbili za kulizuia, maana boliti peke yake huruhusu kuhama. Usisahau ile beringi ndogo ya nyuma ya krenki ambamo ncha ya shafti ya giaboksi huingia. Ni kitu cha bei ya chai, na ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote.

Nimefunga injini ya dizeli ya Nissan TD27 kwenye Land Rover 88. Lami haina shida, lakini kwenye mchanga inachemsha ndani ya dakika 10. Fundi ametoa themostati, bado. (Msomaji, Dodoma)

Mwambie airudishe. Bila themostati maji hukimbia ovyo na injini ya dizeli haifiki joto lake la kazi.

Jibu lako umelitoa mwenyewe. Lami upepo wa mwendo unaisaidia rejeta. Kwenye mchanga unakwenda mwendo wa mtu anayetembea huku injini inafanya kazi kubwa, na upepo wote lazima uletwe na feni. Ingekuwa inachemsha lami na kutulia ukienda polepole, ningesema rejeta imeziba ndani. Kwako ni feni. Waliobadilisha injini huacha ile boksi ya plastiki inayoizunguka feni kwa sababu haikai vizuri na rejeta ya zamani, kisha feni inabaki kuzungusha hewa ile ile ya moto. Tengeneza boksi ya bati, nusu ya unene wa feni iwe ndani yake. Kama umeweka feni ya umeme, shika karatasi mbele ya rejeta: inyonywe. Ikisukumwa, nyaya zimegeuzwa.

Halafu angalia mdomo wa rejeta. Ukiwa chini kuliko sehemu ya maji juu ya injini, hewa inanasa kwenye hedi na hutaiondoa kwa kujaza maji. Weka tangi dogo la ziada mahali pa juu kuliko vyote.

Baada ya kutoa petroli na kuweka dizeli ya Toyota, breki zimekuwa ngumu kama jiwe. Na stata ilitoa moshi siku ya kwanza. (Msomaji, Kitale)

Pole. Usiliendeshe mpaka ulimalize hili. Injini ya petroli hunyonya hewa kwenye manifoldi, na mnyonyo huo ndio unaosaidia breki. Dizeli haina mnyonyo huo, inahitaji pampu yake. Kwenye dizeli nyingi za Toyota pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa alteneta. Nadhani ulinunua injini bila alteneta, ukabaki na ya gari lako la zamani. Tafuta ile yenye pampu, uipe mpira wa oili wa kuingia na wa kurudi.

Stata yako huenda hailingani volti na gari lako. Dizeli za Land Cruiser zinazotoka Japani nyingi ni za 24. Hapo angalia vitu vinne: stata, hita plagi, alteneta, na ile koili inayokata dizeli kwenye pampu.

Niaje fundi. Nataka kujenga gari la Rhino Charge. Nimepata V8 ya farasi 300. Itatosha? (Msomaji, Nairobi)

Itazidi, kijana wangu. Rhino Charge inaendeshwa tangu 1989 kuchangia uhifadhi, na fedha zake ndizo zilizosaidia kuuzungushia msitu wa Aberdare uzio. Anayeshinda humo si mwenye mbio. Unapewa vituo 13 na saa 10, na anayevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi ndiye anayeshinda. Umbali mfupi maana yake ni kukata moja kwa moja kwenye mawe na makorongo, kwa mwendo wa kobe. Farasi 300 hapo watakuvunjia hafu shafti kabla ya saa sita mchana.

Chukua injini ya wastani inayovuta kuanzia chini, mizunguko 1,500 hivi. Fedha ya V8 nunulia vitu hivi: difu za kufunga (zinazolazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja) mbele na nyuma, hafu shafti ngumu, gia za transfa za kupunguza mwendo, na winchi nzima yenye waya mpya. Na mtu wa kutembea mbele kwa miguu akikuchagulia njia, huyo mtafute mapema. Ninawapenda sana vijana wanaojenga magari yao wenyewe, kwa hiyo niandikie tena ukianza.

Je, nikibadilisha injini lazima nibadilishe na kadi ya gari? (Wasomaji wanne, Tanzania na Kenya)

Lazima. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya TRA, na kwa Kenya kwenye logibuku ya NTSA. Gari likaguliwe, namba mpya iingizwe, na bima waambiwe. Unaponunua injini ya mtumba, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, dai risiti yenye namba ya injini na jina la muuzaji. Namba iliyosagwa au kugongwa upya, iache hapo hapo hata kama ni ya bure, maana siku ya ukaguzi wewe ndiye utakayeulizwa.

Na kwa kuwa barua mbili kati ya hizi zinauliza pia waanzie wapi gari likishawaka: msianzie porini. Zungukeni mjini siku tatu mkiwa na tochi na spana. Kila jioni ingieni chini ya gari mkaze mauntini za injini, boliti za shafti na vibano vya mipira ya maji, na mtazame oili imevujia wapi. Zikifika kilomita 500 bila tone jipya chini, pakieni maji na jembe, muende.