Kipimo cha kwanza cha utepe wa kioo cha metali hutofautiana na cha pili kwa sababu gani

Ndugu, umeeleza kwamba uliupasha mara mbili utepe wako wa kioo cha metali, yaani aloi (mchanganyiko wa metali) ya zirkoni, shaba na alumini iliyopoozwa haraka mno hata atomi zake zikaganda bila mpangilio unaojirudia wa fuwele, kwenye kalorimita, mashine inayopima joto ambalo kipande hufyonza au hutoa kinapopashwa, ukaona kilima kipana cha kutoa joto kabla ya mpito wa kioo (halijoto ambapo kioo hulainika na kurudi kuwa kimiminika), kisha kilima hicho kikatoweka katika kipimo cha pili, na sasa unashuku kwamba mashine ina hitilafu. Kwa maoni yangu mashine ni nzima, na kilichotoweka ndicho chenye thamani kuliko yote uliyopima.

Nilipoanza kazi hii nami nilidhani kilima hicho ni kuyumba kwa mstari wa msingi (mstari ambao mashine huchora pasipo badiliko lolote katika kipande), nikawa nakinyoosha kwa programu kabla ya kukokotoa chochote. Nilizinduka siku nilipopima kipande kilichokuwa kimekaa tanurini kwa saa kadhaa, chini kidogo ya halijoto ya mpito: safari hii mstari ulikwenda bapa, halafu kwenye mpito wenyewe likachimbika bonde la kufyonza joto, lenye kina ambacho sikuwahi kukiona katika utepe mbichi.

Maelezo yake ni haya. Kila halijoto ina mpangilio wa atomi ambao kimiminika huupendelea, lakini kadiri kinavyopoa mnato hupanda, na unapofikia takriban paskali-sekunde 10¹² atomi hushindwa kwenda sambamba na kupoa huko, zikaganda katika mpangilio wa wakati ule. Ukipooza kwa kasi ya kelvini milioni moja kwa sekunde, kama Pol Duwez na wenzake walivyofanya kwa aloi ya dhahabu na silikoni mwaka 1960, unafungia mpangilio wa kimiminika cha moto zaidi, uliolegea na wenye nishati ya ziada. Unapoupasha tena utepe huo, atomi hupata nafasi ya kujipanga vizuri zaidi hata kabla ya mpito, na nishati ile hutoka: ndicho kilima chako. Kipande ambacho atomi zake zimekwisha kutulia hivyo hakina cha kutoa, bali hudai joto jingi kwa ghafla kinaporudi kuwa kimiminika, na ndilo bonde nililoliona.

Kwa hiyo usiichukulie halijoto ya mpito kama kiwango cha kuyeyuka. Mpito ni mahali ambapo mwendo wa atomi na mwendo wa kipimo hukutana, na ukipasha haraka zaidi utausoma juu zaidi. Kabla ya kulinganisha namba yako na iliyochapishwa, hakikisha kasi za kupasha zinalingana. Wengi hutumia kelvini 20 kwa dakika.

Katika kipimo cha kwanza, vuka mpito lakini usimame kabla ya fuwele kuanza, pooza kwa kasi unayoijua, kisha upashe tena. Eneo lililo kati ya mistari hiyo miwili, chini ya mpito, ndiyo nishati iliyotoka wakati muundo ulipotulia. Ukiupitisha hadi ukawa fuwele, kipimo cha pili hakitakuonyesha mpito wowote, ingawa kinafaa sana kama mstari wa msingi.

Jambo hili lina uzito hata nje ya maabara. Nimewahi kukunja utepe mbichi wa aloi ya chuma, wenye unene wa mikromita 30 hivi, hadi ncha zake zikagusana, bila kukatika. Kipande kingine cha utepe uleule, baada ya kupashwa ili kuondoa mikazo ya ndani na kuboresha tabia zake za sumaku, kilivunjika vidoleni kabla hakijafika nusu ya mkunjo, ingawa miale ya eksirei haikuonyesha fuwele hata moja. Kutulia kwa atomi kwenyewe kulitosha kukifanya kiwe chepesi kuvunjika.

Hivyo weka kando kipande ambacho hakijaguswa na joto lolote, maana utepe uliokwisha kupashwa hauwezi tena kukueleza ulivyokuwa ulipotoka kwenye gurudumu la shaba linalozunguka, ambako aloi iliyoyeyuka humiminwa ili igande haraka.